Twining: Gavana Aliyepita Borneo Kabla ya Kutufikia

Ndugu msomaji, vijana wetu wa Bukoba na Muleba wakiulizwa majina ya magavana waliotawala Tanganyika, aghalabu hutaja mmoja, kisha hunyamaza. Si kosa lao. Watawala wale walikuja na kuondoka kama mawimbi ya Ziwa. Hata hivyo yuko mmoja ambaye maisha yake yafaa kutazamwa kwa makini, si kwa kumsifu wala kumtukana, bali kwa kupata mafunzo. Naye ni Edward Twining, aliyekuwa Gavana wa Tanganyika tangu mwaka 1949 hadi 1958.

Twining alizaliwa London mwaka 1899, katika ukoo wenye jina mashuhuri katika biashara ya majani ya chai. Alisomea uaskari Sandhurst, akapelekwa Ireland wakati wananchi wa huko walipokuwa wakipigania uhuru wao. Mwaka 1923 alifika Uganda, kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Mutukula, akiwa afisa wa jeshi la KAR. Na mwaka 1929 akaingia katika utumishi wa utawala huko huko. Baadaye akahamishiwa Mauritius, kisha St Lucia katika visiwa vya Karibi.

Mwaka 1946 alipewa ugavana wa Borneo ya Kaskazini, barani Asia. Nchi ile ilikuwa imeendeshwa na kampuni ya Kiingereza tangu karne ya 19, ikatekwa na Wajapani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na vita vilipokwisha, Sandakan, mji wake mkuu, ulikuwa magofu. Serikali ya Uingereza ikaitwaa kuwa koloni, na makao makuu yakahamishiwa Jesselton, mji uitwao sasa Kota Kinabalu. Kazi ya Twining ilikuwa kujenga upya yaliyobomoka. Washauri wake hawakuchaguliwa kwa kura za wananchi, waliteuliwa. Gavana aliamuru, na kazi ikatendeka.

Kwa fikra hiyo hiyo ndipo alipoingia Dar es Salaam mwaka 1949: maendeleo kwanza, siasa baadaye, tena siasa yenyewe ipimwe kwa kibaba cha mtawala.

Haki haifichwi. Katika miaka ile bei ya kahawa ilipanda, Chama cha Ushirika cha Bukoba kikaandikishwa mwaka 1950, na fedha za kahawa zikasomesha watoto wengi wa Buhaya, pamoja na wale wa sehemu ambazo leo ni Wilaya ya Muleba. Lakini mtu haridhiki kwa bei peke yake. Mkulima wa nyarubanja aliendelea kulima shamba ambalo bwana wake alilihesabu kuwa ni mali yake. Sheria ya kumkomboa ilikuja mwaka 1965, baada ya Uhuru. Naye Ali Migeyo, mwana wa Buhaya, aliposimama mbele ya wakulima kupinga amri zilizotolewa bila ridhaa yao, alitiwa gerezani.

Hayakuwa ya Bukoba peke yake. Mwaka 1951 Wameru kama 3,000 waliondoshwa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akalifikisha shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga nayo.

Katika Baraza la Kutunga Sheria, Twining alisimamisha hesabu ya ajabu: viti 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Waafrika walikuwa zaidi ya 8,000,000; Wazungu walikuwa kama 20,000. Hesabu hiyo iliitwa usawa wa mataifa! Mwaka 1956 kikaundwa chama cha UTP, kwa baraka za Gavana, kiitetee. Mwaka 1957 Mwalimu Nyerere alizuiwa kuhutubia mikutano ya hadhara. Twining aliondoka katikati ya mwaka 1958, na katika uchaguzi wa 1958 na 1959 UTP haikupata hata kiti kimoja. Wananchi walikuwa wamepiga hesabu yao wenyewe.

Aliporejea kwao alipewa cheo cha Baron Twining wa Tanganyika na Godalming, akaandika kitabu kikubwa juu ya mataji na vito vya wafalme wa Ulaya. Alifariki mwaka 1967. Cheo kile kilikuwa cha uhai wake tu, hakikurithiwa. Nchi aliyoichukua katika jina lake ilikuwa huru tangu tarehe 9 Desemba 1961.

Tujifunze nini, ndugu msomaji? Twining hakuwa mvivu wala mjinga. Kasoro yake ilikuwa ya mfumo uliomlea: Uganda, Mauritius, St Lucia, Borneo, Tanganyika, vyote vilikuwa vituo katika safari ya kupanda cheo. Kwake Tanganyika ilikuwa kituo. Kwetu ni nyumbani, wala hatuna pengine.

Mkoloni ameondoka, lakini tabia ile yaweza kubaki. Kiongozi anayeletwa Bukoba au Muleba leo, akahesabu miezi hadi uhamisho wake, akaamuru pasipo kusikiliza, akamwona mkulima wa kahawa kama tarakimu katika taarifa, huyo naye amefanya mkoa wetu kuwa kituo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi kila anayepewa dhamana ajiulize siku ya kuondoka: je, mwenyeji amepona?