Uhandisi: Mshahara wa Kesho na Deni la Leo

(Muziki unaingia, unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Uko Palma, uko Mocímboa da Praia, umekaa chini ya hema au chini ya mwembe, karibu kwenye kipindi.

Leo tunajibu swali ambalo wazazi wengi wanatuuliza: mtoto amemaliza darasa la kumi na mbili, anataka kusomea uhandisi wa viwanda. Je, tuuze mashua? Tukope? Faida itarudi?

Kwanza tuelewane. Mhandisi wa viwanda ndiye anayepanga kazi: watu wangapi, mashine gani, mzigo upite wapi, muda gani, ili kiwanda kisipoteze mali. Kazi hiyo ipo kwenye gesi, bandarini, kwenye saruji, hata kwenye ghala la barafu la samaki.

Watu wengi hapa wakisikia uhandisi wanafikiria Afungi tu. Basi tukumbuke tarehe. Juni 2019 uamuzi wa kujenga mradi wa gesi ulitangazwa. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ikashambuliwa, na Aprili mwaka huo TotalEnergies ikasimamisha kazi. Ilifika Novemba 2025 ndipo kampuni ikatangaza kuondoa zuio hilo. Sasa fikiria kijana aliyeanza chuo mwaka 2020 akitegemea mradi ule peke yake. Miaka minne baadaye ana digrii mkononi, geti bado limefungwa. Vita inaweza kusimamisha mradi. Deni haliisimamishi.

(Muziki mfupi.)

Tutazame majirani. Tanzania kuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Inakopesha Watanzania, na aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Tupige hesabu ya mfano. Deni ni shilingi 12,000,000. Mshahara ukiwa 800,000, makato ni 120,000 kwa mwezi. Utalipa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Mshahara ukiwa 1,200,000, makato ni 180,000, na deni linaisha kabla ya miaka sita. Deni ni lile lile. Tofauti ni kazi uliyoipata. Uzuri wa mkopo wa namna hii ni kwamba makato yanafuata mshahara.

Huku kwetu deni la masomo mara nyingi ni la jamaa, au la agiota wa mtaani. Hilo halifuati mshahara. Mfano: umekopa metikali 10,000 kwa riba ya asilimia 30 kila mwezi. Kila mwezi riba ni 3,000. Kwa mwaka umelipa riba 36,000, na zile 10,000 bado unadaiwa. Mama, baba, masomo ya miaka minne au mitano hayabebeki kwa mkopo kama huo, hata mtoto awe na akili namna gani.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza au kukopa, kaeni jioni moja mhesabu mambo manne.

Moja: gharama yote. Si ada tu. Chumba, chakula, nauli, vitabu. Chuo Kikuu cha Lúrio kina kitivo cha uhandisi Pemba. Eduardo Mondlane iko Maputo. Nauli na kodi ya nyumba si sawa.

Mbili: kile ambacho nyumba itakosa. Mashua ikiuzwa, nani atalisha wadogo zake miaka hiyo?

Tatu: mshahara wa kawaida. Muulizeni aliyemaliza juzi, si yule aliyepata bahati. Ulizeni pia alikaa muda gani bila kazi.

Nne: njia isiyo na deni. Ombeni bolsa kwanza. Serikali ina Taasisi ya Bolsa za Masomo. Kwa wenye hadhi ya mkimbizi kutoka nchi nyingine, UNHCR ina bolsa ya DAFI tangu 1992. Sisi tuliohama ndani ya nchi yetu njia yetu ni ya serikali. BI na cheti vilivyoungua au kupotea vianze kufuatiliwa sasa, maana bila karatasi hakuna maombi.

Na kuna njia ya ngazi. Fundi wa kuchomelea au wa umeme anasoma miezi, si miaka. Anaanza kupata, kisha anajisomesha. Huyo hajaacha uhandisi. Ameanza na ngazi ya chini.

Hatusemi usisome. Digrii ni mali ambayo hakuna anayeweza kuichoma moto. Tunasema tu, haba na haba hujaza kibaba, na riba nayo hujaza hivyo hivyo. Pigeni hesabu mkiwa pamoja, na kijana mwenyewe awepo.

(Muziki wa kufunga.)