Rediasi: Neno Moja, Maana Nyingi

Leo tunaeleza neno ambalo wengi wetu tulilisikia shuleni tukaliacha huko huko: rediasi. Vitabu vya Hisabati vya Kiswahili huliita nusu kipenyo. Msiseme, "Hayo ni ya watoto wa shule." Kikundi kimoja tulichokitembelea kilipoteza pesa kwa sababu ya neno hili.

Akina mama hao walikuwa wanajenga tangi la maji ya mvua. Mkutanoni walikubaliana "mita tatu", yaani upana wa mita 3 kutoka ukuta mpaka ukuta. Fundi naye akapiga kigingi katikati, akafunga kamba ya mita 3, akazunguka nayo. Duara likatoka na upana wa mita 6. Hakuna aliyegundua mpaka saruji ya sakafu ilipokwisha, na sakafu imefika robo tu! Fundi hakuwa mwizi, wala mweka hazina hakula pesa, ingawa maneno ya namna hiyo yalishaanza kusemwa. Kila mtu alisema mita tatu. Hakuna aliyesema ni mita tatu za nini.

Neno lilitoka wapi?

Ni neno la Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwao lilikuwa na maana ya fimbo, tena spoki ya gurudumu, tena mwali wa jua. Shikeni hiyo picha ya spoki: kitu kinachotoka katikati kikaenda mpaka ukingoni. Ukiikumbuka, maana nyingine hazitakusumbua.

1. Kwa fundi

Rediasi ni kipimo cha kutoka katikati ya duara mpaka ukingoni. Kipenyo ni upana wote, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kupitia katikati. Kwa hiyo kipenyo ni rediasi mbili.

Kutafuta ukubwa wa sakafu ya duara, chukua rediasi, uizidishe kwa rediasi, kisha uzidishe kwa 3.14. Tangi la akina mama lilitakiwa kuwa na rediasi ya mita 1.5. Basi 1.5 mara 1.5 mara 3.14 ni kama mita 7 za mraba. Fundi alichora rediasi ya mita 3: 3 mara 3 mara 3.14 ni kama mita 28 za mraba. Mnaona? Rediasi ikiongezeka mara mbili, sakafu huongezeka mara nne. Ndiyo sababu saruji iliishia robo.

Anayefunga mbuzi malishoni anajua jambo hili bila kalamu. Kamba ni rediasi. Ukimfunga kwa kamba ya mita 3, anakula kama mita 28 za mraba. Ukimpa ya mita 6, anakula kama mita 113.

Na maji je? Zidisha sakafu kwa kimo cha maji. Tangi lenye rediasi ya mita 1.5 na kimo cha mita 2 lina mita 14 za ujazo na kidogo. Kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo ni kama lita 14,000.

2. Kwa mtu wa maji na afya

Wataalamu wengi hushauri choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na zaidi ya hapo kama ardhi ni ya mchanga au mwamba wenye nyufa. Hiyo mita 30 ni rediasi. Maana yake ni pande zote za kisima, siyo upande wa nyumbani kwako peke yake. Uchafu chini ya ardhi haujui ua wala mpaka wa shamba. Choo cha jirani nacho kimo ndani ya hesabu. Kabla ya kuchimba, pimeni mzunguko mzima pamoja na majirani.

3. Kwa watu wa ofisi

Mnapoandika ombi la msaada mtaulizwa, "Mradi utahudumia watu walio katika rediasi ya kilomita ngapi?" Hapo wanapima kwenye ramani, mstari ulionyooka kama ndege anavyoruka. Lakini mama mwenye ndoo harukii mto. Boma lililo kilomita 5 kwenye ramani laweza kuwa kilomita 8 au 9 kwa miguu, kwa kuzunguka bonde na kutafuta daraja. Andikeni vipimo vyote viwili.

4. Kwa daktari

Mkono kati ya kiwiko na kifundo una mifupa miwili. Ule wa upande wa kidole gumba unaitwa rediasi. Geuza kiganja juu, kisha chini: mfupa huo ndio unaouzunguka mwenzake. Ukiweka vidole kwenye kifundo kusikia mpigo wa moyo, mshipa unaousikia unapita juu yake.

Mtu akiteleza akajikinga kwa kiganja, mara nyingi ndio unaovunjika, karibu na kifundo. Msiukande wala kuunyoosha. Ufungeni kwa kipande cha mti na leso, uning'inizeni shingoni, mkampeleke hospitali.

5. Kwa mwalimu wa jiografia

Dunia nayo ina rediasi, kama kilomita 6,371 kutoka kiini mpaka juu. Lakini haikuviringana sawasawa. Kwenye ikweta, inayopita karibu na Nanyuki, ni kilomita 6,378. Kwenye ncha ni 6,357.

Turudi kwa akina mama. Walikubali hasara, wakachora duara upya ndani ya lile kubwa. Siku hizi katibu wao haandiki "mita tatu" bure. Anaandika "mita tatu, ukuta kwa ukuta", na fundi anatia sahihi.

Ya kujadili kikundini

- Je, vipimo vya mradi wetu vimeandikwa kwa rediasi au kwa kipenyo? Fundi anajua?
- Tukizunguka kisima chetu kwa kamba ya mita 30, tutakuta nini?
- Ni nani walio karibu nasi kwenye ramani lakini mbali kwa miguu?