Wageni hulinda lugha zao, sisi twalipa karo kuzitupa

TUNAPOSIKIA maneno ‘shule ya kimataifa’ hapa Kenya, wengi wetu huwaza jambo moja tu: Kiingereza. Mzazi wa Kisumu anayejinyima ili alipe karo ya shule kama hiyo hutarajia mwanawe arudi nyumbani akikimwaga Kiingereza kama maji. Mtoto akishindwa kumwamkua nyanya yake kwa Dholuo, mzazi hucheka, akaona pesa zake zimefanya kazi.

Je, huo ndio ukimataifa? Historia inatuambia vingine. Mnamo 1953, watumishi wa Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma ya Ulaya waliohamia Luxembourg kikazi waliungana kama wazazi, wakawaanzishia watoto wao shule. Wangeweza kuchagua lugha moja na mambo yakaisha. Hawakufanya hivyo. Mtoto wa Mjerumani alifunzwa masomo ya msingi kwa Kijerumani, wa Mwitaliano kwa Kiitaliano, kisha kila mmoja akaongezewa lugha ya pili. Mfano huo ndio uliozaa Shule za Ulaya, ambazo leo zimeenea katika nchi kadhaa.

Hata hapa Nairobi ipo shule ya Wajerumani, ya Wafaransa na ya Wajapani. Wazazi hao wako ugenini na wanajua fika uzito wa Kiingereza nchini. Hata hivyo, hawataki watoto wao wakipate kwa kuipoteza lugha ya kwao.

Mwanasaikolojia wa Canada, Wallace Lambert, alitofautisha hali hizi mbili. Upo uwililugha wa kuongeza, ambapo lugha mpya huja juu ya ile ya kwanza. Upo pia uwililugha wa kupunguza, ambapo lugha mpya huingia kwa kuifukuza ya kwanza. Mgeni wa Nairobi amechagua kuongeza. Sisi wenyeji, je?

Hebu tutazame Luanda Kotieno, kwenye feri iendayo Mbita. Mtoto wa hapo anajua omena, ngege na mbuta kabla hajaingia darasani. Mwalimu wa Kiswahili akianzia hapo, ni rahisi kumweleza kwamba wavuvi wa Mwanza, katika ziwa hilo hilo, huwaita samaki hao dagaa, sato na sangara. Dhana tayari anayo. Anachohitaji ni jina jipya. Lakini akikatazwa lugha ya nyumbani, ataanza na maneno asiyojua yanataja nini.

Tena, ng’ambo ya feri hiyo kuna funzo chungu. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, Olusuba kimepoteza wasemaji wengi kwa Dholuo, jambo lililochunguzwa na Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo katika makala yao ya 1992. Hakuna sheria iliyopitishwa kukiua. Watu walioana na majirani, wakasoma kwa Dholuo, wakasali kwa Dholuo, na polepole wazazi wakaacha kukisema na watoto. Lugha iliyomeza nyingine jana yaweza kumezwa kesho.

Sera tunazo. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa ya chini, na mtaala wa umilisi unasema vivyo hivyo hadi Gredi ya 3. Tatizo ni sisi wazazi tunaoipima shule kwa Kiingereza cha chekechea, na walimu wanaomvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama.

Hatusemi Kiingereza kiachwe, la hasha! Kiingereza kina kazi yake, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha na majirani zetu. Tunachosema ni kwamba mtoto ana nafasi ya lugha zote tatu, mradi ya kwanza isiondolewe kitini. Mzazi na aongee Dholuo nyumbani bila haya, na mwalimu akitumie kama ngazi. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.