Mpigapicha wa Ridhaa Si Mzururaji

Jumamosi asubuhi, wakati wengi wetu wanapoelekea sokoni, shambani au mazishini, kuna mtu anayetoka nyumbani na kamera begani bila ya kutumwa na yeyote. Hana gazeti lililomwajiri wala harusi aliyokodiwa kuipiga picha. Utamkuta amechutama kando ya lori lililokufa zamani, au amesimama kimya chini ya mti akingoja wingu lipite ili jua liangaze ua moja tu. Wapita njia humcheka. Wengine humshuku kuwa mpelelezi au dalali wa mashamba. Huyo ndiye mpigapicha wa ridhaa, na leo, msomaji mpenzi, nimekusudia kumtetea. Kazi yake ina manufaa makubwa kuliko anavyodhani hata yeye mwenyewe, na shule zetu zina mengi ya kujifunza kwake.

Tuanze na vyombo vya kale. Katika jiji la Nairobi, karibu na stesheni kuu ya gari la moshi, yapo Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Humo limo dubwana la chuma liitwalo Mount Gelai, injini nambari 5918, mojawapo ya injini 34 za aina ya Garratt zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950. Uzito wake unapita tani 250, na zilihesabiwa miongoni mwa injini za mvuke zenye nguvu kupita zote zilizopata kutumika katika reli za upana wa mita moja. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mlima Gelai wenyewe uko Tanzania, kando ya Ziwa Natron. Basi mwanafunzi atakayepiga picha ya kile kibao cha jina atajiuliza kwa nini injini iliyo Nairobi ina jina la mlima wa nchi jirani. Akitafuta jibu, atafika katika historia ya shirika la reli lililokuwa la nchi tatu kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977. Picha moja imefungua mlango wa somo zima.

Yamkini atatokea mtu wa kuuliza: hivyo vyuma si masalio ya mkoloni? Kwa nini tuvitukuze? Swali hilo ni la haki. Lakini kupiga picha si kutukuza. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, ilijengwa kwa jasho la vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walipoteza maisha. Waafrika nao walipoteza ardhi ambamo ilipita. Taifa linaloyeyusha vyuma vyake vyote pasi na kumbukumbu halimwadhibu mkoloni. Linajinyima ushahidi dhidi yake.

Isitoshe, si vyombo vyote vya kale vilivyo vya mkoloni. Wazee wetu wanaikumbuka Peugeot 404 iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1963, kisha ikashinda kwa miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Ndugu yake, Peugeot 504, alishinda mwaka wa 1975 na tena 1978. Magari hayo hayo ndiyo yaliyokuja kuwabeba abiria katika barabara zetu kuu, yamejaa hadi mlangoni, yakienda kasi ya kutisha. Leo kuiona moja ikitembea ni bahati. Nyingi zimeoza nyuma ya gereji na kuku wametagia humo. Na je, ni wanafunzi wangapi waliowahi kuona hata picha ya Nyayo Pioneer, gari lililobuniwa hapa nchini kupitia mradi ulioanzishwa mwaka wa 1986 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, likazinduliwa 1990? Yaliundwa magari matano ya mfano, na mradi ukafifia kabla ya kiwanda kuanza kuyaunda kwa wingi. Kushindwa nako ni historia, tena historia yenye mafunzo kuliko ushindi.

Tukitoka kwenye vyuma, twende kwenye maua. Nairobi hugeuka zambarau kila mwaka, baina ya Septemba na Novemba, mijakaranda inapochanua. Mgeni hudhani mti huo ni wetu tangu enzi na enzi, kumbe asili yake ni Amerika ya Kusini. Bogenvilia zilizotanda kwenye nyua zetu nazo zatoka bara hilo hilo. Lakini kibobakasi, ule mti wenye maua mekundu kama ndimi za moto ambao Waingereza waliuhusisha na Wanandi, ni mzawa halisi wa Afrika. Mtu anayepita hutazama maua, akasema "yanapendeza", akaenda zake. Mpigapicha hawezi kwenda zake. Lazima achunguze petali, ajue linachanua lini, linatembelewa na ndege gani na kwa saa ngapi. Mwishowe atataka kulijua jina lake. Hapo burudani imegeuka kuwa elimu ya mimea, wala hakuna aliyemtisha kwa mtihani.

Vyuma na maua havijatengana jinsi tunavyodhani. Bustani ya miti ya Nairobi, iitwayo Arboretum, ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kufanyia majaribio miti ya kigeni inayokua upesi, kwa kuwa injini za wakati huo zilihitaji kuni nyingi mno. Kwa hiyo anayekwenda kupiga picha za maua na vivuli katika bustani hiyo anapiga, bila ya kujua, picha ya njaa ya gari la moshi.

Mandhari nayo yana maneno yake. Panda hadi ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mai Mahiu, mapema kabla ya ukungu kuondoka, uutazame Mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, ukijitokeza kama kisiwa. Uzuri huo wote wautosha moyo. Ila chini ya ukingo kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakichimba barabara hiyo. Na katika genge hilo hilo, wajenzi wa reli waliwahi kuteremsha mabehewa kwa kamba nene za chuma kabla ya njia ya kudumu kukamilika. Mandhari ni kitabu, lakini hakisomeki na mtu mwenye haraka.

Ubaya ni kwamba kitabu hiki kinachanwa kurasa kila uchao. Barabara ya juu kwa juu ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27, ilipojengwa kati ya 2020 na 2022, miti mingi iliyokuwa imepamba njia ilikatwa. Mugumo mmoja mkongwe huko Westlands ulinusurika Novemba 2020 baada ya wananchi kupiga kelele hadi serikali ikatoa amri usiguswe. Mingine haikupata mtetezi. Sisemi kwamba barabara zisijengwe. Nasema kwamba anayebadilisha sura ya nchi, na sisi tunaokubali ibadilishwe, tunawiwa na watoto wetu angalau picha ya sura ile ya kwanza.

Labda mtu atasema kwamba siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera, na picha zimekuwa nyingi kuliko nzige. Kweli. Zamani mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36, na kila moja iligharimu pesa za kununua na za kuosha. Mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Leo tunabonyeza kabla ya kufikiri. Simu ikiibiwa au ikiingia maji, picha elfu mbili hufa kwa siku moja. Hata zikisalia, hazina jina, tarehe wala mahali. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wingi wa picha si wingi wa kumbukumbu.

Ndiyo maana nawageukia walimu. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, tumesikia mengi kuhusu kujifunza kwa kutenda. Kazi hii hapa, nayo haihitaji maabara. Kila mwanafunzi achague vitu vitatu vya mtaani kwao: chombo kimoja cha zamani, mmea mmoja na mandhari moja. Shule yenye simu moja tu yatosha, watoto wapokezane. Chini ya kila picha iandikwe jina la kitu, kijiji, tarehe, na maneno ya mzee mmoja anayekijua. Picha zilizo bora zichapishwe kwenye karatasi na daftari lihifadhiwe maktabani. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na hazina isiyopatikana katika duka lolote la vitabu.

Sharti tuwafunze adabu pia. Lori bovu lina mwenyewe, na ua lililo ndani ya seng'enge si la wapita njia. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Salamu kwanza, ruhusa pili, kamera mwisho. Mpigapicha anayeanza kwa salamu mara nyingi huondoka na hadithi iliyo bora kuliko picha.

Wala tusidhani mchezo huu hauna kwao. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliipenda kamera tangu utotoni. Mwaka wa 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu na mamilioni ya watu wakatoa msaada. Si kila mtoto atakuwa Amin, na si lazima. Yatosha awe raia aliyezoea kutazama kwa makini, kuuliza majina na kuandika tarehe. Basi kesho ukimwona mtu amechutama mbele ya gari bovu, usimcheke. Mwulize anaona nini, kisha umwonyeshe lile la marehemu babu yako kabla muuza vyuma vikuukuu hajafika.