Mlingoti wa Redio: Je, Mrefu Zaidi Ndio Bora?

Aghalabu wapenzi wa redio ya ridhaa hudhani kwamba kadiri mlingoti unavyorefuka ndivyo mawasiliano yanavyoimarika. Dhana hii ina walakini. Tuchukue mfano wa masafa ya megahezi 7, ambapo urefu wa wimbi ni takribani mita 42. Antena ya nusu wimbi huhitaji waya wa mita 20 hivi, uliotandazwa mlalo.

Waya huo ukiangikwa kwenye kimo cha mita 10, yaani takriban robo ya wimbi, mawimbi mengi hupaa wima. Tabaka la ayoni lililo angani huyarudisha ardhini, yakaenea mamia machache ya kilomita. Kwa hivyo, nyakati za mchana, kituo cha Nairobi chaweza kusikika Kisumu bila kuzuiwa na kuta za Bonde la Ufa. Kimo kikifika mita 21, mawimbi huinama hadi nyuzi 30 hivi kutoka upeo wa macho. Hufika mbali, lakini majirani husikia kwa udhaifu.

Basi, kabla ya kusimamisha mlingoti, sharti mtu ajiulize: ananuia kuzungumza na nani? Wakati wa mafuriko, msaada unapotafutwa karibu, mlingoti mfupi ndio ufaao.