Mlinda Mlango na Kazi Yake Mpya

Kijiji cha Mwamgongo kiko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mkoani Kigoma. Huko milima hushuka kwa ghafula hadi majini, na ardhi tambarare ni adimu. Katika ukanda mwembamba wa ufukwe watu hujenga nyumba, huvuta mitumbwi, huanika dagaa, na vijana hutafuta nafasi ya kuchezea mpira. Mahali pa namna hiyo kiwanja aghalabu huwa ni mchanga na changarawe. Hata hivyo, katika kupanga timu, vijana wa ufukweni hawatofautiani na wenzao wa nchi nzima. Wenye mbio hupelekwa mbele, wenye nguvu huwekwa nyuma, na yule ambaye miguu yake haiaminiki huambiwa akasimame golini.

Zamani desturi hiyo ilikuwa na mantiki yake, kwa kuwa golikipa alihitaji mikono kuliko miguu. Leo mantiki hiyo imekwisha. Sheria za mchezo zimebadilika, na kila sheria inapobadilika, kazi ya mchezaji nayo hubadilika. Shule inayoendelea kumchagua mlinda mlango kwa kipimo cha zamani humwandaa kijana kwa kazi ambayo haipo tena.

MTU ALIYEZALIWA NA SHERIA

Kandanda ilipoandikiwa sheria kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1863, hazikumtaja mlinda mlango. Alianza kutajwa mwaka 1871, akaruhusiwa kutumia mikono ili kulilinda lango lake. Kwa miaka mingi aliweza kuudaka mpira popote katika nusu yake ya uwanja. Mwaka 1912 ruhusa hiyo ilifinywa: mikono itumike ndani ya eneo la penalti tu. Tangu hapo golikipa akawa mtu wa kusubiri. Alikaa karibu na mstari wake, na sifa zake zikawa ni urefu, wepesi wa kuruka na mikono inayonata.

Kazi hiyo ya kusubiri si rahisi, na penalti ndiyo inayoonyesha ugumu wake kwa hesabu. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Alama ya penalti iko mita 11 kutoka mstari wa goli. Mpira uliopigwa kwa nguvu huweza kwenda kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde. Mwanafunzi akigawanya 11 kwa 25 atapata sekunde 0.44. Katika muda huo macho na ubongo huhitaji yapata sekunde 0.2 ili kutambua mpira unakoelekea na kuiamrisha misuli. Zinazobaki ni sekunde 0.24, nazo hazitoshi kuurusha mwili mzima hadi kwenye mwamba wa pembeni. Kwa hiyo anayengoja kuuona mpira ndipo aruke, amekwisha kuchelewa. Inampasa asome dalili kabla mpira haujapigwa: mguu wa kusimamia umeelekea wapi, nyonga imegeukia upande gani, na hatua za mwisho za mpigaji zina pembe gani.

Mwaka 2007 Michael Bar-Eli na watafiti wenzake wa Israeli walichapisha uchunguzi wa penalti 286. Waligundua kwamba walinda mlango walijirusha kushoto au kulia karibu mara 94 katika kila 100, ilhali karibu mikwaju 29 katika kila 100 ilipigwa katikati. Wale wachache waliobaki katikati waliokoa theluthi moja ya mikwaju, kiasi kilichozidi mara mbili kile cha waliojirusha. Maelezo ya watafiti hao yanahusu tabia ya binadamu: aliyejirusha akafungwa huonekana amejitahidi, bali aliyesimama akafungwa huonekana amezembea.

Katika kazi hii mkoa wa Kigoma una jambo la kujivunia. Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, ndiye aliyekuwa golini mwaka 2003, Simba ilipoitoa Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo. Ndiye pia aliyekuwa golini mwezi Septemba 2019, Taifa Stars ilipoitoa Burundi kwa penalti 3 kwa 0 jijini Dar es Salaam, katika mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia.

MABADILIKO YA MWAKA 1992

Kombe la Dunia la mwaka 1990 nchini Italia liliwachosha watazamaji wengi. Katika michezo 52 yalifungwa mabao 115 tu, yaani wastani wa mabao 2.21 kwa mchezo. Timu iliyotangulia kufunga iliweza kuuua muda bila adhabu. Beki alimrudishia golikipa mpira, golikipa akaudaka, akaudundisha, akamrushia beki. Naye beki akamrudishia tena. Mshambuliaji wa timu pinzani alibaki akikimbia bure kati yao.

Mwaka 1992 wenye mamlaka ya sheria walikomesha mwenendo huo. Waliagiza kwamba mlinda mlango asiuguse kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mwenzake kwa mguu. Akiugusa, timu pinzani hupewa mpira wa adhabu usiopigwa golini moja kwa moja. Sheria hiyo fupi ilimnyang'anya golikipa silaha yake kuu kila anaporudishiwa mpira, ikamlazimisha kuwa mchezaji wa kumi na moja.

Walikuwapo waliotangulia kuiona njia hiyo. Katika miaka ya 1950 Gyula Grosics wa Hungaria alikuwa akitoka langoni kuukata mpira kabla haujawafikia washambuliaji. René Higuita wa Kolombia alifanya hivyo kwa ujasiri zaidi, na mwaka 1990 Roger Milla wa Kameruni alimwonyesha hatari yake, alipompokonya mpira mbali na lango akaenda kufunga. Miaka 24 baadaye, katika Kombe la Dunia la 2014, Manuel Neuer wa Ujerumani alitoka nje ya eneo lake mara nyingi dhidi ya Algeria, akiwawahi washambuliaji kwa miguu na kwa kichwa. Jambo lililokuwa kioja kwa Higuita lilikuwa limekwisha kuwa kazi ya kawaida.

Sheria zilizofuata zimeendelea kusukuma upande huohuo. Tangu mwaka 2019 mpira wa goli si lazima utoke nje ya eneo la penalti ndipo uchezwe, hivyo golikipa huanzisha mashambulizi kwa pasi fupi. Tangu mwaka 2025 golikipa anayeushika mpira kwa zaidi ya sekunde 8 huadhibiwa kwa kona.

HESABU YA KIWANJA CHA MCHANGA

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya viwanja vya nyasi laini, na kwamba kwenye mchanga wa ziwani ni afadhali golikipa abaki langoni. Hesabu inaonyesha kinyume chake.

Na tuchukue mfano. Beki aliye mita 20 mbele ya golikipa anamrudishia mpira. Wakati huohuo mshambuliaji yuko ubavuni mwa golikipa, umbali wa mita 15, naye anaanza kukimbia kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde. Katika kiwanja kigumu mpira huo unakwenda kwa wastani wa mita 10 kwa sekunde. Utamfikia golikipa baada ya sekunde 2. Mshambuliaji atafika alipo golikipa baada ya sekunde 2.5. Golikipa ana nusu sekunde ya kuupiga.

Sasa mpira huohuo urudishwe juu ya mchanga. Msuguano wa mchanga unaupunguzia kasi, na wastani wake unakuwa mita 7 kwa sekunde. Mpira utafika baada ya sekunde 2.86, ilhali mshambuliaji amefika tangu sekunde 2.5. Golikipa aliyebaki amesimama amekwisha kutanguliwa.

Je, akiufuata mpira kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde? Yeye na mpira wanakaribiana kwa mita 12 kila sekunde, hivyo watakutana baada ya sekunde 1.67, mita 8.3 mbele ya pale aliposimama. Kwa kanuni ya Pithagorasi, mshambuliaji sasa ana umbali wa mita 17.2 hadi mahali hapo, ambao utamchukua sekunde 2.86. Golikipa amepata zaidi ya sekunde nzima ya kuuondoa mpira. Kwa hiyo kiwanja kibovu ndicho kinachomdai zaidi golikipa mwenye miguu na uamuzi wa haraka.

Kiwanja hicho kina tahadhari zake. Mpira ukigonga jiwe hubadili mwelekeo, kwa hiyo beki na aurudishe kando ya lango, si kuuelekeza katikati yake. Hali kadhalika mchanga unachosha. Watafiti wa Ubelgiji walionyesha mwaka 1998 kwamba kukimbia juu ya mchanga hutumia nguvu mara 1.6 kuliko kukimbia juu ya ardhi ngumu. Hilo si hasara tupu: mchanga hujenga misuli ya miguu, na huupokea kwa upole mwili wa kijana anayejifunza kujirusha.

MFANO KUTOKA RAGA

Si kandanda peke yake iliyopitia mabadiliko ya namna hii. Katika raga, mchezo wenye wapenzi wengi nchini Kenya, mchezaji mwenye jezi namba 7 ni yule wa ubavuni anayeshika upande wenye nafasi kubwa ya uwanja. Kazi yake ya asili ilikuwa kufika wa kwanza pale mpinzani anapoangushwa, ainame huku amesimama kwa miguu yake, aunyakue mpira. Richie McCaw, nahodha wa New Zealand iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2011 na 2015, alipata sifa kubwa kwa kazi hiyo. Kila waamuzi walipokaza au kulegeza sheria ya nani auguse mpira ulioko chini, namba 7 alilazimika kujifunza upya. Siku hizi kazi ya kunyakua hufanywa pia na wachezaji wazito wa mstari wa mbele, naye namba 7 hutakiwa pia kubeba mpira na kuwaangusha wapinzani wakubwa kuliko yeye. Kipaji kimoja hakimtoshi tena, kama vile mikono pekee isivyomtosha golikipa.

LIPASALO SHULENI

Kijana anayetoka shule ya ufukweni akaenda kwenye mashindano ya UMISSETA hukutana na makocha wanaotaka golikipa wa kupiga pasi kwa miguu yote miwili. Akiwa amefundishwa kujirusha tu, hataitwa, hata kama mikono yake ni hodari kuliko ya wenzake wote. Hasara hiyo si yake peke yake, bali pia ni ya kijiji kilichomlea. Nao wasichana, ambao timu zao shuleni huanza kuundwa upya kila mwaka, wanastahili kupangwa kwa kipimo kipya tangu mwanzo.

Tiba yake haihitaji fedha. Kwanza, golikipa na ashiriki mazoezi ya pasi pamoja na wenzake wote, ndipo aende kwenye mazoezi yake ya mikono. Pili, kila mchezaji wa kidato cha kwanza na apewe zamu golini kabla mwalimu hajaamua nani abaki huko. Tatu, wanafunzi na waipime kazi hii kwa hisabati na fizikia wanazosoma. Kamba ya mita 20 na saa yenye mshale wa sekunde vinatosha. Mpira uviringishwe mara kumi kwenye mchanga mkavu, mara kumi kwenye mchanga uliolowa karibu na maji, na mara kumi kwenye udongo mgumu. Kisha wastani wa kasi ulinganishwe. Matokeo hayo yatamwonyesha mlinda mlango wa kijiji ni umbali gani anaweza kutoka langoni bila kutanguliwa.