Kichwa Chako na Sheria ya Kaske

Pikipiki nyingi hupita hapa Ndosho katika njia ya kwenda Sake. Zinachukua watu sokoni, kanisani na hospitalini, na wengi wao hawana kitu kichwani. Ukiwaonya, wengine hujibu: "Mimi ni mtu mzima. Kichwa ni changu. Kwa nini sheria inilazimishe kuvaa kofia ngumu, yaani kaske?" Neno hili linastahili kujibiwa vema.

1. Ujue kichwa chako.
Ubongo ni laini, nao umekaa ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Mtu akianguka juu ya mawe ya volkano, fuvu husimama ghafula, lakini ubongo huendelea mbele na kujigonga. Mishipa hupasuka, na damu huvuja ndani. Mfupa wa mguu uliovunjika huunga. Ubongo uliokufa haurudi. Ndani ya kaske mna povu gumu. Povu hilo hupondeka mahali pa kichwa chako. Uchunguzi wa nchi nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba, kwa wapanda pikipiki wanaopata ajali, kaske hupunguza vifo kwa sehemu 42 katika 100, na majeraha ya kichwa kwa sehemu 69 katika 100.

2. Maonyo peke yake hayatoshi.
Huko Uingereza, mganga wa ubongo Hugh Cairns aliandika habari za faida ya kaske mwaka 1941. Lakini sheria kwa wapanda pikipiki wote ilikuja mwaka 1973 tu. Katika miaka ile 32 wangapi walikufa bure? Huko Vietnam sheria ilianza kushurutishwa tarehe 15 Desemba 2007, na mara watu wazima karibu wote wakavaa. Hata jirani zetu wa Rwanda, mwenye pikipiki ya abiria huchukua kaske mbili: yake na ya abiria.

3. Kichwa chako si chako peke yako.
Ukilala bila fahamu, nani atalipa hospitali? Nani atakulisha? Ni mke wako, watoto wako na ndugu wa kanisa. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliwaagiza watu wazima wajenge ukingo juu ya dari, mtu asianguke. Sheria ile haikuwadharau, ililinda uhai.

Lakini sheria nayo itende haki. Isiwe mtego wa kuwanyang'anya maskini pesa njiani. Kosa lijulikane, faini ijulikane, na risiti itolewe.

Basi fanya hivi:
- Funga mkanda chini ya kidevu. Kaske isiyofungwa huruka.
- Ukiogopa jasho la wengine, vaa kitambaa chembamba ndani.
- Kaske iliyokwisha kugongwa kwa nguvu, usiitumie tena.
- Aliyegongwa kichwa akitapika, akisinzia mno, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, apelekwe hospitalini upesi, hata kama hana jeraha.

Maulizo
1. Kwa nini ubongo huumia hata fuvu lisipopasuka?
2. Nani huumia pamoja nawe ukianguka bila kaske?
3. Leo utamwambia nini mwenye pikipiki asiye na kaske ya abiria?